Resori ya Mama Nyasa

Tulipomzika Lwaboshi, mhunzi wa Baraka, watoto wake waliniita nyuma ya nyumba wakaniuliza kama kuna kitu cha baba yao ninachotaka kubaki nacho. Walifikiri nitachagua fuawe, au ile nyundo kubwa ambayo mpini wake ulikuwa mweusi kwa jasho lake. Mimi nikaingia bandani, nikapapasa nyuma ya mlango, nikatoa kipande cha chuma chenye kutu, kirefu kama mkono wangu toka kiwiko mpaka vidoleni. Mkubwa wao akacheka. "Papa, ile njo uchafu. Baba alikuwa anaegemeza nayo mulango, upepo isifunge." Nikamwambia uchafu huo ulivunjika chini ya miguu yangu mwenyewe, yeye hajazaliwa, na baba yake alijua kwa nini hakuutupa. Sasa kipande hicho kiko hapa mezani ninapoandika. Mkono wangu si wa kuandika. Kwa mapadri nilisoma kidogo tu, nikaacha kalamu nikashika spana, na sijaijutia spana hata siku moja. Mambo ya ukoo na kijiji wengine watayaandika. Mimi naandika mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, mwaka nilioacha kuitwa boi.

Wakati ule garaji ya Baraka ilikuwa ya Mgiriki mmoja aliyeitwa Yani. Mbele kulikuwa na duka la chumvi, vitambaa na taa za petroli. Nyuma banda la bati, na humo ndimo nilimokuwa mimi, natengeneza malori ya pamba. Nililala katika chumba cha kuwekea matairi. Mpaka leo nikinusa mpira mpya nasikia usingizi. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa wa matete na udongo, na upande wa pili ilikuwa baraza ya Yani, kwa hiyo kila kitu alichosema na wageni wake nilikisikia kama niko nao mezani. Kifaransa changu kilikuwa cha garaji, lakini kilitosha. Chakula tulikula kwa Mama Nyasa, mjane mwenye shamba la muhogo njia ya kwenda Fizi, aliyepika chini ya kibanda cha nyasi kando ya garaji: bugali, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mpaka inang'aa, ndakala, wale dagaa wa ziwani, na siku njema samaki mkubwa wa kuchoma. Alitupimia kwa jicho. Ukija na mikono safi anakupa bugali kidogo, anasema, "Muntu hakufanya kazi, njaa ilitoka wapi?" Yani naye alikuja pale, akakaa juu ya ndoo, akala sombe kwa mikono yake kama sisi. Lakini akinawa tu, anageuka anaita, "Boi, funguo ya kumi na mbili." Nilikuwa na jina. Alilijua. Lakini kwa wazungu wote jina letu lilikuwa moja tu, boi.

Mwanzoni mwa mwaka ule walikuja wazungu wa kiwanda. Nasema wa kiwanda kwa sababu hawakuwa wa serikali wala wa misheni. Walitumwa na wale wenyewe wanaotengeneza gari huko Ulaya. Walivaa kaki za namna moja, wakaandika jina la kiwanda chao kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa duka la Yani, kubwa kuliko jina la Yani. Kupitia ukuta nikasikia habari yote. Kutakuwa na mbio za magari toka Bukavu mpaka Albertville, kwa njia ya Uvira, Baraka, Fizi na Lulimba. Si magari ya mbio yale ya kiti kimoja. Ni gari za kawaida, za milango minne, kama zinavyouzwa dukani, na ndani watu wawili. Kiwanda kitaleta gari yake, mafundi wake, na lori zima la matairi na vyuma. Kiwanda kingine, adui yao, kitafanya vilevile. Yule mkubwa wao, sisi tulimwita Delege, akasema, "Watu hapa wataangalia ni ipi imefika ya kwanza. Hiyo ndiyo watakayonunua." Yani alikuwa na gari ya namna ileile, aliyonunua kwa wakala wao. Akapiga meza. "Na mimi naingia."

Kesho yake asubuhi akanikuta chini ya lori. Akainama mpaka nikaona uso wake. "Wilondja," akasema, na mimi nikajua kuna jambo, maana ametumia jina. "Ile gari yangu, ukiitengeneza wewe peke yako mpaka iweze hii safari, kiti ya pili iko yako. Shofa wa pili. Nitakuandikisha." Sikutoka chini ya lori. Sikutaka aone uso wangu. Nikasema tu, "Ndiyo, Patro," nikaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Miezi ile niliila gari ile na kuilala. Nilifungua kila kitu kinachofunguka. Jumapili watu wakienda misa, wengine wakikaa ziwani, mimi napanda nayo mlima wa Fizi na kushuka, napanda na kushuka, mpaka nikajua kila shimo kama unavyojua meno yako kwa ulimi. Vijana wa garaji walinicheka. Mama Nyasa ndiye aliyenicheka vizuri kuliko wote. Siku moja ananipakulia, ananiuliza, "Ile motokari haibebe pamba?"

"Hapana, Mama."

"Haibebe bantu?"

"Babili tu."

"Basi inakimbia kwenda wapi?"

"Iko inakimbia juu bantu baione, bainunue."

Akakaa na mwiko wake hewani. "Kama ni kuuza, juu ya nini hawakae sokoni kama sisi? Mi nauza muhogo, sikimbie nayo."

Watu walicheka mpaka maji yakawatoka puani. Nimezeeka, nimekuwa na garaji yangu, nimefundisha vijana wengi, na swali lile la Mama Nyasa bado ni kubwa kuliko majibu yote niliyosikia. Lakini siku ile sikucheka. Nilimwambia, "Mama, bakimbie juu ya kuuza, mimi nitakimbia juu ya jina yangu." Akanitazama, akaniongeza bugali.

Zikaja mbio. Magari yalipaswa kufika Baraka mchana, kupumzika, na kuondoka alfajiri. Gari isiyokuwa kwenye kamba ya kuondokea jua linapotoka, imeshatoka katika mbio. Mimi na Yani tulifika tumefunikwa vumbi, wazima wote. Yani aliendesha toka Bukavu bila kuniachia, mimi nasoma barabara, nasema "shimo, kushoto, daraja". Nyuma yetu ikaja gari ya kiwanda, imeinama upande kama mtu mwenye jipu. Resori ya nyuma imekatika. Resori ni vile vyuma vilivyopangana chini ya gari kama vidole, vinavyoibeba isigonge. Kile kirefu cha juu, kinachoshika vingine, tunakiita lamu kuu, na hicho ndicho kilichokatika. Haikuwa neno, kwa watu wenye lori zima la vyuma. Lakini lori lao lilikuwa zito, na daraja la magogo nyuma yetu lilikubali magari, lori likalikataa. Vyuma vyote vya kiwanda vikabaki ng'ambo ya mto, na akiba nyingine ilikuwa imeshatangulia Albertville kwa meli.

Niliingia chumbani kubadilisha shati, nikawasikia barazani. Delege hakupaza sauti. Alisema gari ya adui imeshafika nayo ni nzima. Alisema, "Gari yako na yetu ni moja. Ukifika wewe, watasema Mgiriki amefika. Tukifika sisi, watasema kiwanda kimefika, na wewe utauza." Nikasikia bilauri inawekwa mezani. Kisha Yani akasema neno moja, "Chukueni."

Alikuja bandani lakini hakunitazama; alitazama matairi. "Wilondja, watafungua lamu kuu yetu. Wataniletea mpya, wiki ijayo." Nikamwambia, "Wiki ijayo njia itakuwa imelala, Patro, mbio zimekwisha." Akasema, "Tumefika mwisho, kijana. Si kosa yako." Nikachukua spana. Mafundi wa kiwanda walikuja na vyombo vyao vizuri, vinang'aa, nikawazuia kwa mkono. Nilifungua mwenyewe. Sikutaka mkono mwingine uguse gari ile. Nikaitoa lamu, nikaiweka mbele ya miguu ya Delege kama mtu anayeweka samaki, nikamgeukia Yani. "Wewe umefika mwisho, Patro. Mimi bado."

Jua lilikuwa bado juu. Nikaenda kwa Lwaboshi.

Mtu asiyejua kwetu atauliza mhunzi wa majembe ana habari gani na gari. Ana habari sana. Resori ya gari ikifa, inakwenda kwa mhunzi. Humo ndimo yanamotoka mapanga na majembe yote ya Fizi. Hakuna chuma bora kuliko hiyo. Mimi nilitaka kitu kirudi njia ile ile kilikotoka. Lwaboshi alikuwa kijana mwenye nguvu, amenipita miaka kadhaa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mapanga yake. Akanisikiliza, huku akivuta mivukuto.

"Mudogo, mi nimeua resori nyingi. Hakuna mwenye aliniambia nifufue."

"Yaya," nikamwita, kama unavyomwita kaka mkubwa, "leo unafufua."

"Na kuku iko wapi?"

Ilikuwa desturi yake, na ya waliomfundisha: kazi ngeni haianzi bila kuku wa tanuru. Nikamwendea jirani yake, nikaacha shati langu zuri, nikarudi na kuku. Lwaboshi akamtazama. "Amekonda kama wewe." Lakini akaanza. Alikuwa na lamu mbili za zamani, za kamioneti iliyokufa, moja yake mwenyewe. Akaikata upana kwa tindo, akaipiga, akaikunja kufuata kipimo changu, kisha akaviringisha ncha zake zote mbili ziwe matundu ya kupitisha bolti. Hapo nikamvulia kofia. Tundu la mpini alilizoea maisha yake yote, na matundu yale yalikuwa duara kama pete. Chuma kikiwa chekundu akakitumbukiza katika mtungi wa maji kikalia, akakitoa, akakikwaruza na kucha. "Ngumu," akasema kwa majivuno. "Inaweza kukata mufupa." Na mimi nikafurahi naye. Kwa akili yetu, chuma kigumu ndicho chuma.

Tukakilaza juu ya mawe mawili, tukapanda juu yake, mimi na yeye, tukaruka mara moja. Kikavunjika kama sahani. Nikaanguka kwa makalio, Lwaboshi akabaki amesimama kwenye jiwe, kinywa wazi. Ni kipande hiki kilicho mbele yangu. Ukitazama mahali kilipokatika, ndani ni kama sukari.

Mlangoni alikuwa amesimama fundi mmoja wa kiwanda, Roje, mwenye ndevu nyekundu. Alifuata mlio wa nyundo. Akaokota kipande, akatazama ile sukari, akatikisa kichwa bila dharau. "Maji, hapana," akasema kwa Kiswahili chake. "Maji, kisu. Resori, mafuta. Halafu moto kidogo tena." Lwaboshi akamwuliza, "Mafuta gani?" Yule akainua mabega. Sisi tukatazamana. Baraka na Fizi, ukisema mafuta, ni mawese.

Mafuta yalikuwa shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa chuma. Ilibaki lamu moja, imesimama kwenye kona peke yake, na Lwaboshi akakataa hata kuitazama. "Ile iko jembe," akasema. Nikaona ni resori tu, haijaguswa. Lakini kwao chuma kikifika kwa mhunzi na mwenyewe akatamka mbele ya moto, hili ni jembe langu, basi ni jembe, hata kama halijapigwa. Mhunzi akikipiga kitu kingine bila kinywa cha mwenyewe, moto wake unaharibika. "Ni ya nani?" nikauliza. Akacheka. "Ya ule mama anakupakulia sombe."

Mama Nyasa alikuja na chungu cha mawese kichwani, maana nilimwita kwa ajili ya mafuta kwanza. La pili niliogopa kulisema njiani. Akasikiliza. Akamtazama Lwaboshi, akamtazama Roje, akaitazama resori yake.

"Wilondja, mvua iko karibu. Bamama benzangu bameshaanza kufyeka. We unataka nilime na meno?"

"Hapana, Mama."

"Ile patro yako alikuwa na yake, alipatia nani?"

"Alipatia bazungu ba kiwanda."

"Na yangu napatia nani?"

Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yakaniponyoka. Nikasema, "Mimi."

Akakaa chini juu ya gogo. Lwaboshi akaacha mivukuto, moto ukashuka. Kisha yule mama akasema, akiwa anaongea na tanuru, si na mimi: "Hii chuma iko jembe yangu. Haijageuka. Inaenda kutembea tu, halafu inarudi nyumbani." Akanielekezea kidole. "We njo utairudisha. Isiporudi, unalima wewe, mpaka mugongo wako inakunjika kama hii resori." Akamkabidhi Lwaboshi chungu, akanigeukia tena. "Unakula jembe, unakula na mafuta. Mutoto wa njaa."

Chuma chekundu kilipozama katika mawese, moshi ulifunika banda, na harufu ikashika mtaa wote. Watu wakaja na sahani wakidhani kuna karamu. Kisha Roje akakirudisha motoni kidogo, akachukua kijiti kikavu, akawa anakisugua juu ya chuma, anasugua, mpaka kijiti kikaanza kutoa moshi na kuteleza. "Hapo," akasema. Tukakilaza tena juu ya mawe. Tukaruka. Kikatuinamia, kikatuinua. Lwaboshi akaruka tena peke yake, kama mtoto. Jua lilipozama lamu ilikuwa mahali pake, na Roje mwenyewe alinishikia taa nilipokaza bolti ya mwisho. Hakusema neno kwa Delege. Na mimi nilipomwambia Yani aende kulala maana kesho tunaondoka, aliingia chini ya gari, akakaa huko muda, akatoka na vumbi usoni. "Inanuka chakula," akasema.

Kilichobaki ni barabara. Mlima wa Fizi tuliupanda nyuma ya wote. Kwenye kila shimo nilisikia sauti ya chuma kile kwa uti wa mgongo wangu, na kila mara kililia, lakini kililia kama kitanda, si kama sahani. Kati ya Fizi na Lulimba tulipita gari mbili zimelala mtaroni. Tulipofika Lulimba Yani akasimamisha, amechoka, akashuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa upande wangu. "Sogea," akasema. Nikasogea nyuma ya usukani. Wachimba dhahabu waliosimama njiani waliona mtu mweusi ameshika usukani wa gari yenye namba, na mzungu kando amefunga macho; walipiga ukelele ambao sijausahau. Niliendesha mpaka Albertville. Hatukumpita yeyote aliyekuwa mzima. Tulifika wa mwisho wa wale waliofika, na jua bado liko.

Gari ya kiwanda ilifika ya kwanza. Walikuwa wanaipiga picha, wameivika kitambaa, Delege ameegemea mlango. Kwenye meza mwandishi wa mbio akauliza kwa mashine ya sauti, ili watu wote wasikie: "Gari hii, nani?" Akajijibu mwenyewe, "Yani, na boi wake." Nikatembea mpaka mezani. Nilikuwa na mafuta mpaka masikioni. Nikaweka mkono juu ya meza, wino wake ukatikisika, nikasema, "Wilondja. Shofa wa pili." Akanitazama, akamtazama Yani. Yani angeweza kucheka, na ingekwisha hapo. Akasema, "Sikia anavyosema. Andika." Na ile mashine ikasema jina langu mbele ya Albertville nzima.

Roje alimwambia Delege habari ya resori, kwa uzuri wa moyo, nadhani. Delege akaingia chini ya gari na suti yake. Akatoka macho yanang'aa. Alitaka kuichukua Ulaya, kuiweka katika nyumba yao ya maonyesho. Atanipa mpya kutoka akibani, na mimi atanitafutia nafasi kwa wakala wao Bukavu, garaji ya sakafu ya saruji, ovaroli mpya. Sitasema sikuitamani. Niliitamani mpaka mate yakanijaa. Nilifungua lamu kuu, nikaweka ile mpya aliyonipa, nikaifuta ya zamani kwa shati langu, na badala ya kumpa nikaiweka kiti cha nyuma. "Siwezi, Bwana. Hii si resori. Ni jembe ya mama mumoja wa Baraka." Yani akatafsiri. Wakacheka wote, walidhani ni methali ya watu weusi. Roje hakucheka. Alifungua mlango wa nyuma, akaitazama mara ya mwisho, akaufunga taratibu.

Baadaye ilikuja picha kubwa ya karatasi, ikabandikwa kwenye duka la Yani: gari iliyoshinda, na maneno kwamba ni gari ya kawaida, kama ile iliyoko dukani. Chini gari hiyo ilikuwa na lamu ya Yani, ile niliyoifungua mwenyewe, lakini picha haionyeshi chini. Yani aliuza. Toka siku ile hakuniita boi, na nilipomwacha kwenda kuanza garaji yangu, alilia, kisha akanitukana Kigiriki. Wazungu wa kiwanda sikuwaona tena.

Lwaboshi alipiga ile lamu siku niliyorudi, kukawa na jembe, na kilichobaki kikatoa kisu cha muhogo. Mvua ilikuwa imeshaanguka. Siku chache baadaye nilipita njia ya Fizi na lori la pamba, nikawakuta wanawake wanalima kwa mstari, Mama Nyasa mbele yao, anarusha udongo. Mmoja akaniita, akauliza kama kweli Albertville iko nyumba zenye ngazi ndani. Kabla sijajibu, Mama Nyasa akainuka, akajishika kiuno, akaegemea mpini.

"Muulize huyu," akasema, akalipiga jembe lake kwa kiganja kama unavyopiga bega la mtoto aliyerudi safari. "Mi sijafika. Yeye alifika."